Mpito wa Haki: Nani Atalipa Gharama ya Uchumi wa Kijani?

Katika madarasa yetu ya elimu ya siasa, kila tunapofika kwenye somo la uchumi na mazingira, swali moja hurudi. Kada husimama na kuuliza: "Ndugu mkufunzi, hawa wanaotuambia tuache makaa ya mawe na mkaa wa miti ndio hao hao waliotajirika kwa kuchoma makaa ya mawe. Kwa nini mzigo tuubebe sisi?" Swali hilo ni la haki. Bara zima la Afrika hutoa chini ya asilimia 4 ya hewa ukaa inayotokana na nishati duniani, lakini mafuriko na ukame hauchagui aliyechafua na asiyechafua. Nchi zilizojenga viwanda vyake kwa moshi zina deni, na hatuna budi kuendelea kulidai.

Hata hivyo liko swali la pili, ambalo ni gumu zaidi kwa sababu linatugusa wenyewe. Uchumi wetu ukigeuka, hapa hapa nchini, ni nani atakayebeba mzigo? Je, ni mwenye kiwanda, ni Serikali, au ni kibarua aliyekuwa akisukuma toroli na mama aliyekuwa akiuza mkaa kwa kopo? Katika makala hii tutajaribu kueleza dhana ya mpito wa haki, chimbuko lake, mifano miwili ya nchi za nje yenye mafunzo kwetu, na wajibu wa kada katika jambo hili.

MAANA YA MANENO

Uchumi wa kijani ni uchumi unaozalisha mahitaji ya watu bila kumaliza misitu, maji na udongo, na bila kuongeza hewa ukaa angani. Mpito ni safari ya kutoka uchumi wa sasa kwenda huo. Katika safari hiyo baadhi ya kazi hufa, nyingine huzaliwa, na nyingine hubadilika. Mtambo wa makaa ya mawe hufungwa. Uwanja wa paneli za jua hufunguliwa. Kwenye karatasi ya mpangaji hesabu huweza kulingana: kazi mia zimekufa, kazi mia zimezaliwa. Lakini aliyepoteza kazi hapa siye lazima atakayepata ile iliyozaliwa kule. Pengine kazi mpya iko mkoa mwingine, inadai ujuzi mwingine, na inakuja miaka mitatu baadaye. Katika miaka hiyo mitatu watoto wanakula nini?

Mpito wa haki, basi, ni mpito ambao wanaoguswa wanashiriki katika kuuamua, gharama zake zinagawanywa kwa uwezo wa kila mmoja, na mlango wa zamani haufungwi kabla mpya haujafunguliwa. Neno la kushika hapa ni kushiriki. Mtu anaweza kulipwa fidia nzuri na bado akawa ametendwa kama mzigo unaohamishwa. Haki huanza pale anapokuwa na sauti wakati jambo bado linaweza kubadilishwa.

DHANA HII ILITOKA KWA WAFANYAKAZI

Wako wanaodhani kwamba mpito wa haki ni msamiati wa mikutano ya mabwana wakubwa. Sivyo. Dhana hii ilizaliwa ndani ya vyama vya wafanyakazi. Nchini Marekani, Tony Mazzocchi, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa mafuta, kemikali na atomiki, aliona kwamba wanachama wake walikuwa wakilazimishwa kuchagua kati ya ajira na afya zao. Wenye viwanda waliwaambia: mkidai hewa safi, tutafunga kiwanda. Yeye akajibu kwa kudai uwepo mfuko wa kumtunza na kumsomesha mfanyakazi ambaye kazi yake imeondolewa kwa faida ya jamii nzima. Ikiwa jamii ina fedha za kusafisha udongo uliochafuliwa, kwa nini ikose fedha za kumlinda mtu aliyekuwa akifanya kazi juu ya udongo huo? Katika miaka ya 1990 dai hilo likapata jina la mpito wa haki.

Kutoka hapo vyama vya wafanyakazi vya nchi mbalimbali vililibeba mpaka likaingia katika utangulizi wa Mkataba wa Paris wa mwaka 2015. Mwaka huo huo Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilitoa miongozo yake juu ya mpito wa haki, iliyojengwa juu ya utatu, yaani Serikali, waajiri na wafanyakazi kukaa meza moja. Mwezi Juni 2023 Mkutano Mkuu wa shirika hilo uliithibitisha miongozo hiyo kuwa msingi wa hatua za nchi wanachama. Tunaieleza historia hii ili kada ajue kwamba, anapodai mpito wa haki, anadai kitu kilichopiganiwa na wafanyakazi.

SOMO LA KOMATI

Mfano wa kwanza tunauchukua kwa jirani zetu wa Kusini. Kituo cha umeme cha Komati, katika jimbo la Mpumalanga nchini Afrika Kusini, kilianza kazi mwaka 1961. Kilikuwa na mitambo tisa yenye uwezo wa jumla wa megawati 1,000, yote ikitumia makaa ya mawe. Mtambo wa mwisho ulizimwa tarehe 31 Oktoba 2022. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Novemba, Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 497 kwa ajili ya kukigeuza kituo hicho: megawati 150 za jua, 70 za upepo, na betri za kuhifadhi umeme. Mwaka mmoja kabla ya hapo, katika mkutano wa Glasgow, nchi tajiri zilikuwa zimeahidi kuisaidia Afrika Kusini dola bilioni 8.5, sehemu kubwa ikiwa ni mikopo. Mwezi Machi 2025 Marekani, mmoja wa walioahidi, ilijitoa.

Tutazame mpangilio wa matukio hayo. Kwanza mtambo ulizimwa. Kisha fedha ziliidhinishwa. Ujenzi ulikuwa bado. Wafanyakazi wa kudumu wa shirika la umeme la Eskom hawakutupwa barabarani. Wengi walihamishiwa vituo vingine. Lakini kituo cha umeme hakiishi kwa wafanyakazi wa kudumu peke yao. Wako vibarua wa wakandarasi, wasafishaji, madereva wa malori ya makaa, wapangishaji wa vyumba, mama lishe na wenye maduka. Hao hawakuwa na barua ya uhamisho. Mfanyakazi wa kudumu alipohama, mshahara wake ulihama naye, na mji mdogo uliokuwa ukiishi kwa mshahara huo ukabaki mkavu.

Mwaka 2023 Tume ya Rais ya Mabadiliko ya Tabianchi ya nchi hiyo, ambayo ndani yake wamo wawakilishi wa wafanyakazi na wa biashara, ilichunguza jambo hili. Iliona kwamba watu wa Komati hawakushirikishwa vya kutosha, na kwamba kituo kilifungwa kabla ya shughuli mbadala kuwa tayari. Chama cha wafanyakazi wa migodi, NUM, kilikuwa kimepinga tangu awali.

Hasara haikuishia kwa waliopoteza kipato. Katika nchi nzima, ambayo wakati huo ilikuwa ikikatiwa umeme kwa zamu, jina la Komati likawa hoja mkononi mwa kila asiyetaka mabadiliko. Mfanyakazi wa kituo kingine cha makaa ya mawe akiambiwa habari za mpito wa haki, hujibu kwa neno moja tu: Komati. Hivyo ndivyo mpango usio na ushirikishwaji unavyojihujumu wenyewe.

SOMO LA HISPANIA

Mfano wa pili ni wa Hispania. Migodi ya makaa ya mawe ya nchi hiyo ilikuwa ikiishi kwa ruzuku, na Umoja wa Ulaya ulikuwa umeamua mwaka 2010 kwamba migodi isiyojimudu ifungwe ifikapo mwisho wa mwaka 2018. Basi kufungwa kwake kulijulikana miaka minane kabla. Mwezi Oktoba 2018 Serikali, vyama vya wafanyakazi na chama cha wenye migodi walitia saini makubaliano ya pamoja. Makubaliano hayo yaliweka euro milioni 250 kwa maeneo ya migodi katika miaka iliyofuata. Wachimbaji wenye umri wa miaka 48 au zaidi wakapewa nafasi ya kustaafu mapema. Vijana wakapangiwa mafunzo na kazi za kurejesha ardhi iliyochimbwa.

Hatusemi kwamba Hispania ni pepo ya wafanyakazi. Ni nchi ya kibepari, na wachimbaji waliobaki walikuwa wachache, kiasi cha elfu moja pamoja na wale wa wakandarasi, hivyo gharama ilibebeka. Vilevile vyama vyao vilikuwa na nguvu iliyotokana na miaka mingi ya migomo na maandamano. Haki hiyo haikuwa zawadi. Tunachojifunza ni utaratibu. Tarehe ilijulikana mapema, pande tatu zilikaa, na kilichokubaliwa kiliandikwa na kutiwa saini, kila upande ukijua deni lake.

MWAJIRI NA MFANYAKAZI

Hapa hapana budi tuseme jambo kinadharia. Wako wanaohubiri kwamba katika suala la mazingira mwajiri na mfanyakazi ni kitu kimoja, kwa kuwa wote wanavuta hewa moja. Huo ni udanganyifu. Mwenye mtaji anaweza kuuza mitambo na kuhamishia fedha zake kwenye shughuli nyingine kwa muda mfupi. Mfanyakazi mtaji wake ni mikono na ujuzi wake, na ujuzi wa miaka 20 kwenye tanuru la saruji hauhamishwi kwa hundi. Kwa hiyo mpito uleule ambao kwa mwajiri ni fursa ya uwekezaji, kwa mfanyakazi unaweza kuwa mwisho wa riziki. Mgongano huo upo, na kuuficha hakuuondoi.

Lakini kosa la upande wa pili ni kudhani kwamba, kwa kuwa upo mgongano, basi hakuna la kuzungumza. Mwajiri naye anauhitaji mpito uende vizuri. Mitambo mipya huhitaji mafundi, na fundi anayeijua sehemu ya kazi ni rahisi kumfundisha kuliko mgeni. Wafanyakazi nao huijua sehemu ya kazi kuliko meneja aliyeko ofisini: wanajua mvuke unapovujia, mafuta yanapopotelea, na taka zinapotupwa usiku. Mwajiri asiyewauliza hupoteza maarifa hayo. Utatu, basi, ni uwanja wa majadiliano ambamo kila upande unakuja na nguvu zake. Mfanyakazi asiye na chama huja mikono mitupu, na majadiliano yake huwa ni kuomba.

Tena tusisahau kwamba mwajiri si bepari binafsi peke yake. Komati ilikuwa mali ya umma. Urasimu wa shirika la umma unaweza kumpuuza mfanyakazi sawasawa na mwenye mali binafsi.

ZANA TULIZO NAZO

Sisi hatuanzi mwanzo. Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970 ulianzisha mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikemea kunyapara katika kifungu chake cha 15, na katika kifungu cha 28 ulieleza kwamba kazi ya Chama ni kuhakikisha viongozi na wataalamu wanatekeleza mipango iliyokubaliwa na wananchi, badala ya kuwasukuma wananchi watekeleze mipango iliyoamuliwa na wachache. Mwongozo uliandikwa wakati hakuna aliyekuwa akizungumzia tabianchi vijijini kwetu. Lakini kwa kipimo cha kifungu cha 28 tunaweza kuupima mpango wowote wa kijani hivi leo.

Ziko pia zana za sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ashauriane na chama cha wafanyakazi, au na wafanyakazi wenyewe pale pasipo na chama, juu ya namna ya kuepuka upunguzaji huo, nani ataguswa na lini. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huo huo ilianzisha Baraza la Kazi, Uchumi na Jamii, LESCO, ambamo Serikali, waajiri na wafanyakazi hukutana kuishauri Serikali. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TUCTA, na Chama cha Waajiri, ATE, vipo. Meza, kwa hiyo, ipo.

Hata hivyo tuseme ukweli juu ya uzito wa kilichoko mezani. Kiinua mgongo cha lazima kisheria ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka wa utumishi, usiozidi miaka 10. Tumchukue mwendesha mtambo aliyetumikia kiwanda miaka 20. Sheria inamhakikishia mshahara wa siku 70. Kuna pia fao la upotevu wa ajira kwa wanachama wa mfuko wa hifadhi ya jamii, lakini nalo ni la miezi michache. Siku 70 hazitoshi kujifunza ufundi mpya. Kiwango hicho ni cha chini kabisa, na hakuna kinachokizuia chama cha wafanyakazi kukipandisha kwa mkataba wa hali bora. Jambo la maana ni kwamba mkataba huo ujadiliwe wakati kiwanda bado kinazalisha. Siku ya kufunga hakuna tena cha kuwekea masharti.

Tulikwisha kupata mazoezi. Mwezi Aprili 2019 ilitangazwa kwamba mifuko ya plastiki ingepigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Marufuku ilifanikiwa, mitaro na mitaa ikawa safi, na mifuko mbadala ikashika soko. Lakini kada anayejifunza lazima aulize: kati ya tangazo hilo na utekelezaji palikuwa na chini ya miezi miwili, je, muda huo ulimtosha aliyekuwa akiendesha mashine ya mifuko kupata pa kwenda? Jambo jema huwa jema zaidi linapopewa muda.

ASIYE NA MWAJIRI

Mpaka hapa tumezungumzia mfanyakazi mwenye mwajiri. Lakini nchini mwetu sehemu kubwa ya watakaoguswa na uchumi wa kijani hawana mkataba, hawana chama, na hawana kiti LESCO. Mfano mkubwa ni mkaa.

Tarehe 8 Mei 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Kabla yake taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilikwisha kuelekezwa kuacha kuni na mkaa kuanzia mwaka 2024. Lengo ni jema: moshi unaua akina mama na watoto jikoni, na misitu inakwisha. Lakini nyuma ya kila gunia la mkaa upo msururu wa watu: anayekata miti, anayepanga tanuru na kulilinda usiku, anayepakia, anayesafirisha kwa baiskeli, pikipiki au lori, na mama anayeuza kwa kopo na kwa fungu mtaani.

Watu hawa huitwa waliojiajiri. Tukichunguza, mara nyingi tunakuta mchoma mkaa alikwisha kupewa fedha na tajiri wa mjini kabla hajakata mti wa kwanza, na bei ya gunia ilikwisha kupangwa na tajiri huyo. Mwajiri yupo, ila amejigeuza mteja, ili asidaiwe mshahara, matibabu wala kiinua mgongo. Mpito ukija, tajiri atahamishia lori lake kwenye mitungi ya gesi. Mchoma mkaa atabaki na shoka.

Na mama muuza mkaa je? Anaambiwa auze gesi. Lakini mkaa aliuanza kwa gunia moja. Duka la gesi linataka mitungi ya kutosha, kibali, na mahali salama pa kuihifadhi. Biashara mpya inadai mtaji ambao ile ya zamani haikuudai. Kwa hiyo tusipoingilia kati, itachukuliwa na wenye mtaji, nasi tutakuwa tumemnyang'anya mnyonge riziki kwa jina la mazingira.

Marufuku tupu haisaidii. Januari 2006 biashara ya mkaa ilipigwa marufuku. Bei ikapanda ghafla mijini, na haukupita muda mrefu marufuku ikaondolewa. Kwa upande mwingine, tangu mwaka 2012 vijiji kadhaa vya wilaya ya Kilosa vilionyesha njia tofauti. Wanakijiji wenyewe walitenga sehemu ya msitu wao, wakaigawa katika vitalu vya kuvunwa kwa mzunguko wa miaka 24 ili miti ichipue tena, wachomaji wakasajiliwa, na ushuru ukaingia katika mfuko wa kijiji. Mchoma mkaa, aliyekuwa akikimbizwa kama mhalifu, akawa mtu wa kukaa mkutanoni. Mkaa huo ungali mkaa, na siku moja utaachwa. Lakini kijiji kilichojipanga hivyo kina daftari, kina mfuko, na kina uzoefu wa kuamua pamoja.

WAJIBU WA KADA

Kada afanye nini? Tunapendekeza kazi nne.

Kwanza, ajue. Kila tawi liwe na orodha ya watu wa eneo lake wanaoishi kwa kazi ambazo mpito utazigusa: wachoma mkaa, wauza kuni, vibarua wa machimbo ya makaa ya mawe kama ya Ngaka kule Mbinga, wafanyakazi wa viwanda vinavyobadilisha mitambo. Huwezi kumtetea usiyemjua.

Pili, aulize lini. Mpango wowote wa kijani unapoletwa, aulize wanaoguswa waliitwa lini, kabla ya uamuzi au baada yake. Wakiitwa baada, huo ni mkutano wa kuarifiwa, hata kama kila mmoja alisaini mahudhurio na kunywa soda.

Tatu, adai hesabu zifunguliwe. Wafanyakazi hawawezi kujadili mustakabali wa kiwanda ambacho hesabu zake hawazioni. Hili linaihusu mali binafsi na mali ya umma kwa kadiri moja.

Nne, asaidie kuunda umoja. Mwenye mwajiri aingie chama cha wafanyakazi. Asiye na mwajiri aingie ushirika. Akina mama kumi wauza mkaa, kila mmoja peke yake, hawana mtaji wa duka la gesi. Wakiwa ushirika wanaweza kukopesheka, kupata kibali, na kukaa mezani kama upande wenye jina.

Yako mambo ambayo sisi wenyewe, katika Chama, hatuna budi kujisahihisha. Tumezoea kuupokea mpango ukiwa umekamilika na kuushusha chini kwa semina. Tumezoea kuhesabu makofi kuwa ni makubaliano. Katika jambo hili mazoea hayo yatatugharimu. Mwananchi aliyepoteza riziki kwa jina la uchumi wa kijani hatauchukia mkaa. Atatuchukia sisi, na mti utakaopandwa mbele yake ataung'oa.

Mwaka 2034 haupo mbali. Kijana anayejifunza kupanga tanuru leo hii, wakati huo atakuwa na watoto shuleni. Tumwite mkutanoni sasa, wakati shoka bado liko mkononi mwake na neno lake bado lina uzito.